Uvimbe wa titi: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa udaktari anayesomea Uganda

Mama anapoingia kliniki na uvimbe wa titi, anataka kujua jambo moja tu: ni kookolo (saratani, kwa Kiganda), au si kookolo? Vidole vyako peke yake haviwezi kumjibu, na umri wake hauwezi kumjibu. Kazi yako ni kuhakikisha harudi nyumbani akapotea kabla uvimbe ule haujapewa jina.

Naanza na hilo kwa sababu wanawake wengi wa Uganda wanaofika Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, hufika ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Si wote waliojificha nyumbani. Wapo waliokwisha kupita kwa mhudumu wa afya wakaambiwa ni maziwa yameganda, au wakapewa vidonge vya jipu mara mbili tatu, au wakaambiwa, "Wewe bado mdogo, saratani haikupati." Shirika la Afya Duniani limeweka malengo matatu ya saratani ya titi: asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza, na asilimia 80 wamalize matibabu yao. Lengo la kwanza linahitaji elimu vijijini, la tatu linahitaji dawa na fedha. La siku 60 linategemea sana yule anayemwona mgonjwa kwanza, na mara nyingi huyo ni wewe, au intani utakayekuwa baada ya miaka miwili.

Mwongozo huu ni wa wanaosomea Makerere, Mbarara, Gulu, Ishaka na kwingineko, wakiwemo wengi waliotoka Kenya na Tanzania. Luganda au Runyankole isipopanda, Kiswahili kitakuokoa mara nyingi kuliko unavyodhani: Mbarara utawapokea akina mama Wakongo kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na huko Arua Kiswahili ni lugha ya soko na ya kambi.

Ujue kwanza unachokishika

Titi la mtu mzima limekaa kati ya ubavu wa pili na wa sita, kutoka ukingo wa mfupa wa kidari hadi mstari wa katikati ya kwapa. Lina mkia unaopanda kwapani, na mwanafunzi asiyeujua huuita tezi. Ndani mna lobu 15 hadi 20, kila moja na mrija wake unaoelekea kwenye chuchu. Magonjwa mengi, mazuri na mabaya, huanzia mwisho wa mrija, pale unapokutana na vifuko vya maziwa. Kano za Cooper zinafunga titi kwenye ngozi, ndiyo maana saratani ikizivuta ngozi hubonyea. Saratani ikiziba mirija midogo ya limfu, ngozi huvimba na vishimo vyake huonekana kama ganda la chungwa.

Karibu robo tatu ya limfu ya titi huenda kwenye tezi za kwapa. Tezi hizo hupangwa katika ngazi tatu kwa kuufuata msuli mdogo wa kifua: chini yake, nyuma yake, na juu yake. Nyingine hupita kando ya mfupa wa kidari. Kariri mpangilio huu mapema, utaukuta tena kwenye upasuaji na kwenye kupanga hatua za ugonjwa.

Hatua ya kwanza: maelezo ya mgonjwa

Uliza umri, tarehe ya hedhi ya mwisho, kama ana mimba au ananyonyesha. Uvimbe umekuwepo tangu lini, umekua kwa kasi gani, unabadilika na hedhi? Je, chuchu inatoa kitu, na kinatoka chenyewe au mpaka akamue? Kuna mama, dada, shangazi au bibi aliyeugua saratani ya titi au ya ovari, na akiwa na umri gani? Uliza hali ya VVU na kifua kikuu bila kumwaibisha. Uliza pia amekwisha kwenda wapi na amepewa nini, dawa za mitishamba zikiwemo. Uliza hilo kwa heshima ile ile uliyoulizia hedhi, maana ukikunja uso mara moja, hatakwambia tena lolote.

Maumivu usiyatumie kumtuliza mtu wala kumtisha. Saratani nyingi mwanzoni haziumi, kwa hiyo mama anayesema "hauniumi hata kidogo" ndiye wa kuharakishwa. Maumivu ya matiti yote mawili yanayopanda kabla ya hedhi na kushuka baada yake, bila uvimbe, mara nyingi ni ya homoni. Sidiria inayoshika vizuri, parasetamoli au jeli ya diklofenaki, na maelezo ya kueleweka huwatosha wengi.

Hatua ya pili: kupima kwa mikono

Omba ruhusa, funga pazia, na awepo muuguzi au mwenzako wa kike. Mwambie mama utafanya nini kabla ya kufanya. Akiwa ameketi, nguo zimeshuka hadi kiunoni, mwangalie mikono ikiwa chini, kisha ikiwa juu ya kichwa, kisha akiibana kiunoni. Mkao huo wa tatu unakaza misuli ya kifua na kufichua ngozi inayovutwa. Linganisha matiti mawili: ukubwa, rangi, vidonda, chuchu iliyoingia ndani. Chuchu iliyoingia tangu usichana si sawa na iliyoingia mwezi uliopita.

Sasa alale chali, mkono wa upande unaopimwa ukiwa nyuma ya kichwa. Anza na titi lisilo na tatizo. Tumia nyama ya vidole vitatu vya kati, si ncha, kwa mgandamizo wa juu, wa kati na wa ndani, ukipanda na kushuka kwa mistari bila kuruka sehemu. Usisahau nyuma ya chuchu na mkia wa kwapani. Ukipata uvimbe, andika titi gani, saa ngapi kwa kuufikiria mzunguko wa saa, sentimita ngapi kutoka chuchu, vipimo vyake kwa rula, ugumu, kingo, kama unateleza, kama umeshika ngozi au msuli. Andika "umeshika msuli" baada tu ya kumwambia mgonjwa abane kiuno na kuona uvimbe umegoma kusogea.

Kwapa hupimwa mkono wa mgonjwa ukiwa umelegea, umebebwa na mkono wako. Pima pande zote za kwapa, kisha juu na chini ya mtulinga. Malizia na mapafu, ini, na kugonga uti wa mgongo. Daktari mkuu akikuuliza wodini "tezi za juu ya mtulinga vipi?" nawe hukuzigusa, sema hukuzigusa, kisha rudi ukazipime.

Hatua ya tatu: picha

Chini ya miaka 35 hadi 40 anza na ultrasaundi, kwa sababu titi la kijana lina tishu nzito na mamografia huona ndani yake kwa shida. Juu ya hapo, mamografia ikipatikana, zifanye zote mbili. Mwenye mimba apigwe ultrasaundi bila woga. Uganda haina mpango wa kitaifa wa kuwaita wanawake wote kwa mamografia, na mashine nyingi ziko mijini. Kwa mama wa mbali, ultrasaundi ya mtu mwenye ujuzi leo ina thamani kuliko mamografia ya baada ya miezi mitatu.

Ripoti itakuja na namba ya BI-RADS, kipimo cha kimataifa cha kusema picha inatia shaka kiasi gani ya saratani. Moja na mbili hazina dalili ya saratani. Tatu ina uwezekano chini ya asilimia 2, hufuatiliwa kwa picha baada ya miezi sita. Nne ni pana mno, asilimia 2 hadi 95, na ni lazima kuchukua kinyama (biopsi). Tano ni zaidi ya asilimia 95. Sifuri maana yake picha haijatosha, na kuna wanaoisoma sifuri kama "hakuna kitu" wakamrudisha mgonjwa nyumbani. Soma pia maneno ya ripoti, si namba tu.

Hatua ya nne: kinyama, tena kabla ya kisu

Hapa ndipo ninapowasihi zaidi. Uvimbe wa titi usikatwe wote "halafu tupeleke maabara" kama hujui ni nini. Ukiukata bila mpango, unaweza kuacha saratani kingoni, kufungua njia isiyofaa, na kumnyima mgonjwa tibakemikali ya kabla ya upasuaji ambayo pengine ndiyo ingemfaa. Chukua vipande kwa sindano nene ya biopsi, ya namba 14, chini ya lignokaini. Sindano nyembamba huvuta seli tu: ni rahisi na ya haraka, inafaa kwa tezi za kwapa na kwa maji ya sisti, lakini haiwezi kukuambia kama saratani imekwisha kupenya nje ya mrija au bado imo ndani.

Kisha linda ulichochukua. Vipande viingie kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyotengenezwa kwa bafa, mara moja, visikae saa nzima mezani. Fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama. Si maji ya chumvi, si spiriti. Vikae humo kati ya saa 6 na saa 72. Kikopo kiandikwe jina, namba, upande, saa ya uvimbe, na muda kilipoingizwa. Nyama iliyoharibika huonyesha vipokezi vya estrojeni kuwa havipo wakati vipo, na mama huyo atakosa tamoksifeni, dawa ya bei nafuu ambayo ingemwongezea miaka. Uzembe wa dakika chache chumba cha upasuaji kidogo unaweza kumgharimu hivyo, na hakuna atakayejua.

Mwisho, linganisha mikono, picha na maabara. Vikikubaliana, endelea. Mikono na picha vikisema saratani na maabara ikasema salama, usishangilie. Rudia biopsi.

Magonjwa yasiyo saratani

Faibroadenoma ndiyo utakayoiona zaidi kwa wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 35: ngumu kiasi, laini kingoni, inateleza chini ya vidole. Ikithibitishwa na ni ndogo, inaweza kuachwa na kufuatiliwa. Ikizidi sentimita 5, ikikua haraka, au mwenyewe akiitaka itoke, itolewe. Kwa wasichana wanaobalehe kuna ile kubwa sana inayojaza titi zima, na hata hapo unatoa uvimbe, si titi. Uvimbe unaofanana nayo lakini unakua mbio kwa mwanamke wa miaka 40 na kitu ufikirie kuwa wa filodi. Huo hutolewa pamoja na ukingo wa tishu nzima, la sivyo hurudi.

Sisti hupatikana zaidi kati ya miaka 35 na 50. Ivute maji. Yakiwa hayana damu na uvimbe ukapotea wote, umemaliza. Yakiwa na damu, uvimbe ukibaki, au ukijaa tena na tena, nenda kwenye biopsi. Matiti yenye vinundu vinavyobadilika na hedhi ni hali ya kawaida ya homoni, ila kinundu kimoja kilicho tofauti na vingine kipimwe chenyewe.

Kwa chuchu inayotoa majimaji, linaloogopesha ni lile linalotoka lenyewe, upande mmoja, tundu moja, likiwa na damu. Mara nyingi chanzo ni papiloma, yaani kiotea kidogo kisicho saratani ndani ya mrija, lakini saratani lazima iondolewe kwenye orodha. Maziwa ya pande zote mbili kwa asiyenyonyesha yakufanye uulize dawa anazotumia, upime mimba, tezi ya shingo na prolaktini.

Chuchu yenye ukurutu upande mmoja, usioponywa na krimu, ni ugonjwa wa Paget, yaani saratani inayojitokeza kwenye chuchu, mpaka biopsi ikatae.

Jipu la mama anayenyonyesha mara nyingi husababishwa na bakteria wa stafilokoka wanaoingia kupitia nyufa za chuchu. Mpe flukloksasilini au kloksasilini na dawa ya maumivu, titi liendelee kumwaga maziwa, mtoto aendelee kunyonya. Usaha ukijikusanya, uvute kwa sindano ukiongozwa na ultrasaundi, rudia baada ya siku mbili tatu. Kisu kibaki kwa jipu ambalo ngozi yake imeshakufa au ambalo sindano imeshindwa. Mama anayeishi na VVU aendelee na ARV, anyonyeshe upande mzima, na upande wenye jipu akamue na kumwaga mpaka upone.

Jipu lisilopona baada ya wiki moja au mbili za dawa sahihi, hasa likiwa halina usaha na ngozi ikiwa nyekundu na nzito, ni saratani ya uvimbe-moto hadi uthibitishe vingine. Chukua kinyama pamoja na ngozi. Usiongeze dozi ya tatu.

Mara chache utakutana na titi lenye matundu yanayotiririka kwa miezi. Hapo fikiria kifua kikuu, peleka nyama kwa mpatholojia na kwa GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya kifua kikuu), na usianzishe steroidi za uvimbe-moto wa granuloma kabla ya kukiondoa kifua kikuu. Halafu kuna moja ambayo mwanafunzi wa Uganda haruhusiwi kuisahau: matiti yote mawili yanayovimba kwa kasi ya kutisha kwa msichana anayebalehe, mjamzito au anayenyonyesha yanaweza kuwa limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt aliyeieleza mwaka 1958 alikuwa daktari wa upasuaji papa hapa Mulago. Tiba yake ni tibakemikali, na kuyakata matiti hayo ni kumwumiza mtu bure.

Saratani: kuipa jina lote

"Saratani ya titi" bado si jibu kamili. Ripoti inapaswa kukupa aina, daraja, vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na kipokezi cha HER2 kinachochochea seli kukua. Nyingi ni saratani ya mirija iliyopenya. Ya vifuko vya maziwa ni chache, na hujificha kwenye mamografia kwa kuwa hutambaa badala ya kufanya donge. Isiyo na vipokezi vyote vitatu huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika na kwa vijana, nayo hukimbia. Kwa hiyo umri mdogo si kinga. Wanaume nao huugua, karibu mmoja katika kila wagonjwa mia.

Hatua hupangwa kwa herufi tatu, T ya uvimbe wenyewe, N ya tezi na M ya kusambaa: T1 ni hadi sentimita 2, T2 ni zaidi ya 2 hadi 5, T3 ni zaidi ya 5, T4 imeshika ukuta wa kifua au imetoboa au kuvimbisha ngozi. N1 ni tezi za kwapa zinazosogea, N2 zimegandana au zimeshikamana, N3 zimefika karibu na mtulinga. M1 imesambaa mbali. T4 yoyote ambayo haijafika N3 wala kusambaa ni hatua ya IIIB, N3 ni IIIC, M1 ni IV. Kwa ugonjwa mdogo usio na dalili nyingine usimtume mama CT ya mwili mzima atakayouzia mbuzi wake. Kuanzia hatua ya tatu, au akilalamika mifupa, kikohozi au tumbo, tafuta kusambaa: eksirei ya kifua na ultrasaundi ya ini ni mwanzo unaowezekana karibu kila hospitali ya rufaa ya kanda.

Matibabu kwa kifupi kinachotosha

Uvimbe mdogo unaweza kutolewa na titi likabaki, kwa sharti kwamba mionzi itafuata. Mulago iliwahi kukaa bila mashine ya mionzi: ile ya kobalti iliharibika mwaka 2016, na mpya ikaanza kazi rasmi mwaka 2018. Kabla ya kumwahidi mama kuliacha titi lake, hakikisha njia ya mionzi ipo na anaweza kuifika. Vinginevyo titi hutolewa pamoja na tezi za ngazi ya kwanza na ya pili. Chumba cha upasuaji tafuta neva ndefu ya kifua, ambayo ikikatwa bega hutokeza nyuma, na neva ya msuli mpana wa mgongo.

Hatua ya tatu kwa kawaida huanza na tibakemikali ili uvimbe upungue. Doksorubisini na siklofosfamidi, kisha paklitakseli, ndiyo njia utakayoiona mara nyingi. Pima moyo kabla, maana doksorubisini huuchosha kadiri dozi zinavyojumlishwa. Vipokezi vikiwepo, tamoksifeni miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 au zaidi, na umwambie aje haraka akitokwa damu ukeni baada ya kukoma hedhi. HER2 ikiwepo, trastuzumabu kwa mwaka mmoja. Mjamzito anaweza kufanyiwa upasuaji, na tibakemikali baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mionzi na tamoksifeni vingoje ajifungue.

Ukimpa habari, muulize kwanza anajua nini na angependa nani awepo. Wengine wanamtaka mume, wengine wanamwogopa mume, wengine wanamtaka dada mkubwa. Usimtaje mtu kabla yeye hajamtaja. Mweleze kwamba kutoa titi ni tiba, na mwachie nafasi ya kulia.

Usiku wa zamu

Aliye kwenye tibakemikali akija na homa ya digrii 38, antibayotiki za mshipani ziingie ndani ya saa moja. Pima malaria, sawa, lakini usikae ukisubiri majibu, na malaria ikipatikana isikufanye usahau seli nyeupe zilizoshuka. Maumivu mapya ya mgongo na miguu kulegea ni uti wa mgongo unaobanwa: deksamethasoni miligramu 16 sasa hivi, kisha simu. Kiu kali, kufunga choo na kuchanganyikiwa ni kalsiamu iliyopanda: mwekee maji ya chumvi mshipani.

Na yule aliyefika amechelewa bado ni mgonjwa wako. Kidonda kinachonuka kisafishwe kwa maji ya chumvi na kinyunyiziwe unga wa metronidazoli iliyosagwa. Harufu ikipungua, jirani wanarudi kumtembelea, na nimeona tofauti inayoletwa na hilo. Uganda ina mofini ya maji ya kunywa, urithi wa kazi ya Anne Merriman aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika. Mpe kila baada ya saa nne, usingoje alie ndipo umpe, na siku hiyo hiyo unayoandika mofini andika na bisakodili ya kuzuia kufunga choo.